Mheshimiwa Alisema Tubane Maji

Mwanasiasa yule alikuja kanisani kwetu North Buffalo, huku ughaibuni, kuomba kura, wakati wa baridi kali. Alivaa sweta zito, akasema hata nyumbani kwake huvaa hilohilo badala ya kupandisha joto la hita. Tuchome gesi kidogo, alisema, umeme wetu utokane na upepo wa ziwani. Maji nayo si ya kuchezea: bomba linaloachwa lidondoshe tone tone linawaibia wajukuu. Mzee wa kanisa alitafsiri kwa sauti ya kutangaza. Sera zake hazikuwa mbaya, ila nilikuwa nimetoka kazini ghalani, na sikutaka kufundishwa kubana matumizi na mtu mwenye viatu vya ghali vile. Nilipiga miayo waziwazi.

Mama alisikiliza bila kupepesa macho. Yeye alizeekea katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na kambini aliyeshika kipaza sauti hatoi maoni. Anatoa amri: leo maji kwa zamu, kesho marufuku kukata kuni, na asiyesikia anakosa mgao. Hajawahi kutokea mtu wa kumwambia Mama anavyofikiri kuhusu maji, kisha akamwachia naye afikiri apendavyo.

Daktari alikuwa ameshatuonya kwamba mapafu ya Mama hayawezi tena baridi. Kwa hiyo hita yetu haikupaswa kuzimwa. Mwenye nyumba naye alituelekeza tuache bomba la jikoni lidondoshe maji siku za barafu, maji yasije yakaganda ndani na kulipasua. Baada ya ibada nilimkumbusha Mama yote hayo.

"Sawa, mwanangu," aliitikia.

Kumbe kila nilipotoka kwenda kazini alizima hita na kulikaza bomba, akajifunika kanga mbili. Nikikaribia kurudi, aliiwasha tena.

Alhamisi nilimkuta amepiga magoti sakafuni jikoni, amelowa hadi kifuani. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya sinki. Alikuwa akichota maji kwa kikombe na kuyatia kwenye sufuria. Ndoo, masufuria, hata beseni la kufulia, vyote vilikuwa vimejaa, amevipanga ukutani. Jirani yuko hatua chache tu, lakini hakwenda kwake. Maji yalikuwa yanapotea.

"Mama, acha! Toka kwenye maji!"

"Haya bado ni safi," alisema, meno yakigongana. "Lete chombo kingine."

Nilimbeba hadi kwenye gari. Hospitalini walisema ni nimonia. Nilimkasirikia mheshimiwa, nikamkasirikia mzee wa kanisa na tafsiri yake, nikaikasirikia zaidi kambi iliyomfunza mama yangu kutii kuliko kupumua. Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Siku ya mwisho alinishika mkono.

"Yule mheshimiwa akija kuuliza," alisema, "mwambie maji yalimwagika yenyewe. Mwambie mimi bomba nililifunga."

"Nitamwambia, Mama."

Tulimzika theluji ikianguka. Hakuna aliyekuja kuuliza.