Mgeni wa Chumba cha Zizini

Odile Brachet alifika kwa akina Vauthier jioni moja ya mwezi wa tano, akiendesha kigari chake, kama wageni wengine wanaozunguka vijiji vya vilima vya Morvan wakila jibini na kulala majumbani mwa watu. Alikuwa na miaka sitini na minne, mjane, mfuaji nguo mstaafu wa hospitali. Hakusema kwamba nyumba ile anaijua. Serikali ilimleta pale akiwa na miaka mitano, mtoto asiye na wazazi wala ndugu, akawachunga na kuwakamua ng'ombe wa watu hadi alipotimiza kumi na minne. Sasa alitaka jambo moja tu: alale pale usiku mmoja kama binadamu.

Corinne, mke wa Gérard aliyekuwa mtoto wa pekee wa nyumba ile, alimpokea kwa bashasha.

"Nimekuwekea chumba chetu kizuri kuliko vyote, dada. Zamani lilikuwa zizi la nguruwe. Huwezi kuamini!"

"Naamini," Odile akasema.

Penye kitanda cha shuka nyeupe ndipo alipokuwa akilala juu ya majani makavu, nguruwe wakikoroma upande wa pili wa mbao. Hori lao lilikuwa limepandwa maua. Aliketi kitandani na viatu vyake, akacheka peke yake.

Mezani walikuwa watatu, maana Gérard alikuwa amekwenda mnadani. Kwenye kichwa cha meza alikaa mama yake, Léontine, miaka tisini na mitatu, uzee umemkunja kama jani la tumbaku. Zamani Odile alimwita bi mkubwa. Ajuza alikunywa supu yake kwa kelele, mara akainua macho, akamtazama mgeni alivyoukumbatia mkate kifuani.

"Wewe si yule wa serikali? Bado unalinda mkate kama mbwa."

"Mama, jamani!" Corinne akamaka. "Samahani, dada. Siku hizi anachanganya watu."

"Hachanganyi," Odile akasema. "Ni mimi, bi mkubwa."

Neno lilimtoka lenyewe, akajichukia.

Ajuza akafurahi, mapengo yote nje. "Si nilisema! Mvivu huyu. Lakini mikono ya kukamua alikuwa nayo. Ndiyo maana sikumtoa hata mama yake alipomfuata."

Kijiko cha Odile kikasimama hewani. Miaka yote aliambiwa hana mama.

"Alikuja lini?"

"Mara mbili alikuja. Wewe uko malishoni. Nikamwambia umehamishwa, wapi sijui. Angekuchukua, ng'ombe angewakamua nani? Mimi?"

"Alikuwa amevaaje?"

"Nitajuaje mie? Koti. Akalia pale mlangoni mpaka nikamfungulia mbwa. Alileta biskuti za siagi. Gérard alizifagia zote."

Corinne alikuwa amejiziba mdomo. Akaleta jibini. Odile akala, kipande baada ya kipande, mpaka sahani ikabaki tupu.

Asubuhi Corinne, macho yamemvimba, alimkalisha mkwewe uani kwenye benchi la jiwe, akamwomba Odile amwangalizie mara moja akimbilie mkate. Upepo wa vilimani ulikuwa mkali. Shali ya ajuza ikateleza mabegani, ikaanguka karibu na mguu wa Odile.

"Niokotee."

Odile akanywa kahawa.

"We msichana! Baridi!"

"Najua."

"Nakuomba basi, mama."

Neno la kuomba Odile hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mle. Alimtazama anavyotetemeka, midomo ikigeuka rangi, akajimiminia kikombe cha pili, akakinywa bila haraka. Corinne aliporudi akatupa mikate chini na kuikimbilia shali. Odile alikuwa ameshatia mkoba garini.

Safari yake ilikuwa imebakiza siku tatu. Alilala katika nyumba nyingine mbili za wageni, na kila aliyemuuliza ametokea wapi alimwambia ametokea kwa akina Vauthier, na kwamba jibini lao ni zuri sana.