Friji la Lita Mia Tano na Arobaini

Jamani, mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Zuzu, na friji langu limenivua nguo mchana kweupe.

Jumuiya yetu ilikuwa na sherehe ya kipaimara, soda zikakosa pa kupoozwa. Nikajitolea. Nikaazima futi ya Mama Neema, fundi cherehani, nikapima friji urefu, upana na kina, nikazidisha, nikapata lita mia tano na arobaini! Nikawatangazia wote: "Leteni kreti zote kumi, na maziwa yangu yatapata nafasi."

Zikaletwa. Kufika kreti ya tatu, mlango ukagoma kufunga. Nikatoa maziwa, nikatoa hadi bakuli la mlenda, nikasukuma kwa goti. Wapi! Wageni wanaingia, kreti saba ziko barazani zinaota jua.

"Hesabu yangu haina kosa," nikang'aka. Nikavuta futi mbele yao, ubavu hadi ubavu, mgongoni hadi mlangoni.

Mama Neema akashika kiuno. "Mwalimu, ndivyo ulivyopima? Kwa nje?"

"Ndiyo."

"Sasa ulitaka kulijaza soda, au kulishonea gauni?"