Simu Iliyoombea Ugali

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke. Tangu nifiwe na mume wangu, mimi huongea na Yesu nikichagua maharagwe hapa mtaani Huruma, na bado natamani kumkaribia zaidi. Sasa jana ugali uko mezani, mjukuu wangu akaweka simu kando ya sahani, ikaanza kutuombea chakula kwa sauti ya pasta nisiyemjua. Na wote waliokuwa mezani wakafunga macho!

“Nyanya, huyu anaomba vizuri kutushinda,” mjukuu akaniambia.

Nilikasirika kabisa. Mtu unayempenda, utampelekea sauti ya mwingine? Nikafunika ugali, nikawaambia: “Zima hiyo kitu. Hapa hakuna atakayekula kabla hajaongea na Yesu kwa mdomo wake mwenyewe.”