Gauni Lisilo na Kichwa

Watu waliotaka kuniua kwa ajili ya kopo la rangi nyekundu nawajua wote. Wengine tunasalimiana sokoni. Mmoja huniuzia asali mpaka leo, na ananipunja. Majina siandiki kwa kuwa wana watoto, lakini kazi zao nitazitaja, na Tabora si kubwa hivyo. Atakayejiona humu ajue ni yeye.

Mimi ni mchoraji. Shule nilikaa kidogo tu pale misheni, mpaka mwalimu aliponikuta nimemchora ubaoni na tumbo lake lote. Akanifukuza. Huyo ndiye wa kwanza kunikosea, Mungu amrehemu, ingawa tumbo lilikuwa lake na si la kubuni. Vitani Waingereza walinipa brashi, nikapaka namba kwenye malori huko Burma, na wenzangu wakanionea wivu, kama vile lori halipigwi bomu. Nikarudi mzima. Bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akasikia kuna mtu anajua kushika brashi, akanipa kazi bomani: kupaka chokaa mawe ya kando ya barabara, ili akipita aone weupe kulia na kushoto. Mvua ikinyesha chokaa inatoka, naanza upya. Ujana wangu umo katika mawe yale. Naye namtaja.

Jioni nilikuwa nachora sura za watu kwa mkaa, nyuma ya maboksi ya sabuni. Sura ndiyo kazi niliyoipenda: mtu anatafuna muwa, mtu amezubaa anasubiri treni. Lakini nani atakayenunua sura ya mtu aliyezubaa?

Basi fundi cherehani mmoja, Mwislamu wa mjini, mtu wa dini sana na wa maneno mengi, akataka ukuta wa duka lake uchorwe. Ukuta ule ulitazama njia ya sokoni, ileile waliyopita wapagazi wa zamani, na kila anayetoka Ipole au Sikonge na mzigo wake lazima aupite. Nikajua bahati imenifikia. Picha ile ikikaa mpaka Idi, wenye maduka wote wataiona, nami nitaachana na mawe. Ikifutwa, narudi kwenye chokaa na sitoki tena.

Siku ya kwanza nikachora kwa mkaa bibi mmoja amevaa gauni. Fundi akatoka na sindano mdomoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani huyu?"

"Bibi tu, mzee. Anacheka kwa kuwa gauni limemkaa vizuri."

"Mfute."

"Gauni?"

"Bibi! Gauni libaki. Kesho akhera utaambiwa umtie roho huyo, utaweza? Na mimi niliyekutuma nitakuwa nimesimama kando yako, natetemeka. Nguo tu, mwanangu. Vichwa Mwenyezi Mungu ameumba vya kutosha."

Nikafuta. Nikachora koti, kanzu, shati la shule, yote hayana mtu, lakini nikayajaza vifua na mabega kama yamevaliwa, maana nguo iliyonywea haivutii mteja. Gauni nikaliweka chini ya dirisha, kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha, shingo yake ikagusa kizingiti. Nikalipaka nyekundu. Rangi yenyewe ilikuwa ya mabehewa ya treni, niliipata kwa mume wa muuza vitumbua, mtu wa reli, wala sikumuuliza alivyoitoa. Ilikuwa nzito, nikaizidisha mafuta ya taa, ikaanza kuchuruzika kutoka shingoni mpaka chini.

Huyo muuza vitumbua alikuwa anakaanga mkabala na duka. Ni Mzaramo, alikuja na mumewe kwa treni, akakaa kwetu mpaka Kinyamwezi chake kikawa kizuri kuliko changu. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Kati yetu kutukanana ni salamu, na anayekasirika ndiye mshamba. Aliwahi kunivua kofia kichwani akaivaa yeye kutwa, nami nikamlia vitumbua vyake bila kusema ahsante.

Asubuhi ya soko, mimi niko juu ya ngazi, akaachia sauti, tena kwa Kinyamwezi safi:

"Jamani, mtazameni mtu wenu! Amechinja watu, ametutundikia nguo zao!"

"Vichwa vimo kwenye debe," nikamjibu. "Njoo uchungulie. Gauni hili ndilo bado halijapata chake, na chako kinatosha."

"Na damu hiyo inayodondoka?"

"Hiyo ni mabaki tu. Nyingine nimeshampelekea Mzungu achanganye dawa."

Utani wa kawaida kabisa, wala hata hatukucheka. Ila nyuma ya muuza vitumbua walikuwa wanapita warina asali kutoka Ipole, wanasukuma baiskeli zenye madebe. Hawa hawakujua kuwa yule mama ni Mzaramo. Walimsikia anasema Kinyamwezi cha nyumbani, wakamwona dada yao, na Mnyamwezi kwa Mnyamwezi hana utani wa namna ile. Kwa hiyo dada yao alikuwa anawaonya. Na kijana aliye juu ya ngazi amekiri kwa mdomo wake.

"Mumiani!" akapiga kelele mmoja wao, yule anayenipunja. Siku zile nchi nzima iliogopa mumiani, watu wanaosemekana kuwanyonya wenzao damu kwa ajili ya dawa za Wazungu. Akaitupa baiskeli, debe likapasuka, asali ikatambaa barabarani. Soko zima likageuka kunitazama.

Wakaanza kuokota mawe. Na mawe gani? Meupe! Yale yangu! Nililotupiwa la kwanza nililijua, nilikuwa nimelipaka juzi yake.

Nikaruka kutoka kwenye ngazi nikaingia dukani. Fundi akafunga mlango, akanisukuma chini ya meza ya kukatia nguo.

"Si nilikwambia usichore mtu?"

"Sikuchora mtu, mzee."

"Ndiyo balaa lenyewe!"

Polisi alifika akitafuna tambuu. Akachovya kidole kwenye kopo, akanusa. "Hii inanuka reli," akasema, lakini hakuwaambia wenye mawe, alijiambia mwenyewe. Wenye mawe aliwaambia: "Sasa hivi inafutwa." Huyo naye yumo. Angeinua tu kidole akasema neno lile kwa sauti, yangekwisha.

Fundi akaniletea ndoo ya chokaa.

"Futa mwenyewe, mwanangu, wakuone. Nina watoto humu ndani."

Nikatoka. Nikasimama mbele ya ukuta wangu na chokaa kama ileile ya bomani, watu wamenizunguka na mawe yao. Nikaanza na shati la shule. Kiwiko kimoja kikapotea. Vitani sikulia, pale machozi yakanitoka.

Hapo dirisha likafunguliwa. Muuza vitumbua alikuwa amepita mlango wa uani. Akachomoza kichwa, akakilaza kidevu kizingitini, shingo kwa shingo na gauni langu, kilemba kimekaa upande, unga mashavuni.

"Kichwa kimepatikana!" akasema, sasa kwa Kiswahili cha kwao cha pwani. "Wanyamwezi ninyi! Babu zenu walifika kwetu Uzaramo hivihivi, wakiona kivuli chao wanatupa mzigo!"

Kisha yule mrina asali akasema, "Kumbe huyu ni Mzaramo?"

"Ulidhani mama yako? Mama yako mzuri hivi?"

"Mzaramo! Asali yangu!"

"Si hiyo hapo chini? Ilambe kabla ya inzi!"

Alicheka mtu mmoja nyuma, kisha wote. Mrina asali hakuwa na njia. Kwa mtani hukasiriki. Akavuka barabara, akalibeba sinia la vitumbua lote kwa haki ya utani, akagawa. Polisi akapewa viwili. Watu walikula huku mawe wameyashika mkono wa pili, wakayaachia mmoja mmoja.

Fundi akaitazama ile ndoo. "Hiyo chokaa kapake choo," akaniambia, akarudi kwenye mashine.

Picha ikakaa, na kiwiko chake kilichopotea. Jioni nikayaokota mawe ya bwana shauri nikayarudisha mahali pake, maana yangekosekana angeulizwa nani? Na baada ya Idi nikaacha kazi ile.

Lakini hebu niulizeni nilichochora tangu hapo. Kila mwenye duka, mpaka Urambo, alitaka gauni chini ya dirisha, halina kichwa, ili wateja wachomoze vyao wacheke. Nimekula, nimejenga, nimeoa kwa magauni yasiyo na vichwa. Sura ya mtu hakuna aliyenituma kuichora.

Moja ninayo nyumbani, kwa mkaa, nyuma ya boksi la sabuni: kilemba upande, unga mashavuni. Nilimwonyesha mwenyewe. Akasema pua si yake.