Treni Yenye Nafasi ya Watu

Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya treni pale gare, stesheni ya Kindu, na kila jioni alirudi na mafuta meusi chini ya kucha, mafuta ambayo sabuni haikuyaweza. Mimi nilishona nguo nyumbani. Hatukujaliwa kuzaa. Msichana aliyetuita baba na mama alikuwa mtoto wa mdogo wangu, aliyefariki siku chache baada ya kujifungua. Baba mzazi, karani wa serikali, alihamishiwa Lubumbashi mtoto hajaanza hata kukaa, akaoa huko. Kabla ya kuondoka alitukabidhi kwa mdomo wake mwenyewe: "Mumulee. Mimi peke yangu sitaweza." Nikamlea kwa maziwa ya kopo, kisha kwa wali na samaki wa mtoni niliyemtoa miiba kwa vidole vyangu.

Alipokaribia umri wa shule, mume wangu alisema anataka kumnunulia kitu kizuri, kitu cha kumfurahisha tu. Wakati huo maduka ya wageni yalikuwa yamechukuliwa na serikali na kugawiwa wananchi. Duka kubwa karibu na bandari, ambalo zamani lilikuwa la Mgiriki, lilikuwa na mwenyewe mpya, mtu wa Chama. Rafu zilizokuwa zimejaa vitambaa na makopo ya samaki sasa zilionyesha mbao tupu. Ila juu kabisa, chini ya dari, vilibaki vitu vya kuchezea vilivyoletwa zamani kwa ajili ya watoto wa wazungu. Mwenye duka alivishusha mwenyewe, akapuliza vumbi.

"Muchague," alisema. "Hizi haziliwi, hakuna mutu anazitaka."

Palikuwa na mwanasesere mwenye jicho moja, na maboksi mawili ya treni. Boksi kubwa lilikuwa na treni ya umeme, kichwa kizito cha chuma na mabehewa ya mizigo. Boksi dogo lilikuwa na treni ya kujaza kwa ufunguo. Mume wangu alikishika kile kichwa kizito kwa mikono miwili, akakigeuza, akachungulia magurudumu, na nikaona uso wake umekuwa wa kijana. Mtoto yeye alilala kifudifudi juu ya meza ya duka, akatazama boksi hili, akatazama lile.

"Baba, kwa hii watu wanakaa wapi?"

"Hii ni ya mizigo, mama. Inabeba shaba, inabeba mbao."

"Na ile?"

"Ile iko na madirisha. Ni ya watu."

"Basi njo ile, ya watu."

"Lakini hii kubwa iko na nguvu. Angalia."

"Sasa watu watabaki kwa gare?"

Mwenye duka alicheka mpaka akashika kiuno. Tulirudi nyumbani na boksi dogo, mtoto amelibeba kichwani kama mama anayetoka sokoni.

Reli zake zilikuwa vipande vilivyopinda, na ukiviunga vyote vilifanya duara moja tu. Mume wangu alilitandika sakafuni, likazunguka miguu ya cherehani yangu. Maboksi ya kiberiti yakawa magare. Kindu iliwekwa karibu na mlango, kisha Kibombo, Kongolo, Kabalo. Lubumbashi ikatokea kuwa jirani kabisa na Kindu, kwa sababu duara lilikuwa limekwisha. Abiria walikuwa maharagwe.

"Huyu anaenda wapi?" mume wangu aliuliza, naye ndiye shefu, mkuu wa gare, filimbi mdomoni.

"Anaenda Kibombo kuona nyanya yake. Atakula kuku."

"Na huyu?"

"Huyu anafika Lubumbashi, anauza mafuta ya mawese, anarudi."

Kila mtu alirudi. Hilo ndilo lilikuwa sharti la mchezo. Kabla ya kwenda kulala ilibidi maharagwe yote yawe yameteremka Kindu, na kama moja lilijificha chini ya kabati tulilitafuta sote watatu. Mume wangu, aliyeshinda kutwa akigonga treni za kweli, alilala juu ya simenti, shavu sakafuni, ili ayaone madirisha yakipita. Mimi niliambiwa nisikanyage cherehani kwa nguvu, abiria wamesinzia.

"Mama," mtoto aliniambia siku moja, "treni yetu haipotezi mutu."

Alikuwa ameanza darasa la kwanza wakati kaka mkubwa wa baba yake mzazi alipofika kutoka Lubumbashi. Alikuja mchana, amevaa abakosi safi, suti isiyo na tai ya watu wa serikali, na beji ya Chama kifuani, mtu mpole, hana makelele. Nilimpikia wali na kuku. Alikula, akanawa mikono, ndipo akasema.

"Ndugu yangu ametulia sasa, iko na nyumba nzuri. Anataka mutoto wake asome kule."

"Mutoto anajua sisi tu," mume wangu alisema.

"Najua, ndugu. Mulifanya kazi kubwa, Mungu anaiona. Lakini mutoto ni wa ukoo yake. Mali ya ndoa ilitolewa, muliikubali."

Kwa desturi yetu alisema kweli. Nikaomba amwache mpaka mwisho wa mvua. Akajibu kwamba treni iliyopo ndiyo hii, na ijayo hakuna anayejua itakuja lini.

Mtoto alipoambiwa, aliruka. "Nitapanda treni ya kweli?" Alikimbia kuwaambia majirani. Nilimkunjia nguo, na nyingine nilizimaliza kushona zikiwa bado na joto la pasi. Mume wangu alipoinama kufungua reli ili azitie kwenye boksi, mtoto alimshika mkono.

"Baba, uache. Nikirudi tutacheza."

Tulitazamana juu ya kichwa chake. Mume wangu akaziacha reli pale pale.

Kwenye gare palikuwa na watu wengi, madumu ya mawese, mbuzi, wanawake wakipitisha vikapu madirishani. Mtoto aliketi dirishani, upande wetu, miguu haigusi chini, amefurahi sana. Treni ilipoanza kuvuta alitoa kichwa nje akapiga kelele: "Mama, usitoe Kabalo pale kwa mahali yake!" Mume wangu alitembea sambamba na behewa, kisha akakimbia, mpaka sakafu ya gare ikaisha. Akasimama majanini. Nilipomfikia, treni ilikuwa haionekani tena, lakini yeye bado alikuwa akiisikiliza.

Kwa wiki kadhaa nilifagia nikizunguka reli. Jioni moja, chakula kiko mezani, mume wangu aliijaza ile treni ufunguo akaiachia. Ikapita Kindu, ikapita Kibombo.

"Isimamishe," nilimwambia.

Aliweka kiganja mbele yake, ikagonga ikanyamaza. Akalia kwa sauti, mtu mzima yule, nami nikalia. Kesho yake alifunga kila kitu ndani ya boksi, akampa dereva mmoja wa treni ampelekee mtoto. Kama lilifika, hatukujua.

Salamu zilikuja kwa midomo ya wasafiri: mzima, anasoma. Halafu zikapungua.

Miaka mingi baadaye nilisafiri kwenda Lubumbashi kutibiwa macho. Miguu ya mume wangu ilikuwa imekwisha kuharibika, akabaki. Nilipelekwa kwenye nyumba ya baba yake mtoto. Akatoka binti mrefu, amesukwa nywele vizuri sana, akapiga goti kidogo, akanisalimu kwa mikono miwili.

"Karibu, mama mukubwa."

Ndivyo anavyoitwa dada mkubwa wa mama. Alikuwa amefundishwa vema. Nilikwenda na chuki yangu tayari kwa mke wa baba yake, aliyemlea huko, nikakosa pa kuiweka. Alikuwa mwanamke mwema, aliniandalia maji ya moto ya kuoga. Nilimuuliza binti kama anakumbuka katreni, maharagwe, Kindu. Alifikiri kwa bidii, akamtazama yule mama kama anayeomba msaada.

"Unisamehe, mama mukubwa. Nilikuwa mudogo sana."

Akaniongezea chai.

Niliporudi, mume wangu alikuwa ameketi mlangoni tangu aliposikia honi ya treni.

"Ulimuona?"

"Nilimuona. Amekuwa murefu kunipita."

"Aliniulizia?"

"Alikuulizia," nikasema. "Kabla hata sijakaa, alisema: baba yuko wapi?"

Akafunga macho, akatikisa kichwa taratibu. Baadaye, tukila, aliniomba nimsimulie tena, nami nikaanza upya, nikaongeza kwamba alicheka kwa sauti ileile.