Sura Tulizozichoma Pamoja na Kadi za Chama

Mwezi uliopita nilirudi Likasi kwa mazishi ya shangazi yangu, na sokoni Panda nikanunua karanga za kukaanga. Nilizila hadi ya mwisho ndipo nikatazama karatasi iliyozifunga. Ulikuwa mwaliko wa zamani wa chama, umepigwa taipu, unaanza na "Citoyen, Citoyenne", yaani ndugu mwananchi, ukiwaita wakazi wa mtaa fulani waje kucheza Jumamosi bila kukosa. Msichana aliyeniuzia, aliyezaliwa mambo hayo yakiwa yamekwisha, aliniona nikisoma.

"Mama, iko nini mu ile karatasi?"

"Iko bujinga ya zamani," nilimjibu.

Alicheka, nami nikacheka. Lakini niliikunja vizuri nikaitia mkobani, maana karatasi za namna hiyo siwezi kuzitupa.

Wewe uliyekulia enzi zile utanielewa bila maelezo. Chama kilikuwa kimoja, na sote tulikuwa wanachama, hata aliye tumboni. Kila mtu mzima alikuwa na kadi yenye picha yake, na bila kadi hiyo hukupanda treni wala hukupata kazi. Wanawake wa kambi yetu ya wafanyakazi walivaa vitenge vyenye sura ya mkuu wa nchi, wakapangwa mistari kumchezea kiongozi yeyote aliyepita. Nkambo yangu, mama yake baba, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa na kitenge hicho, na kila alipokaa chini aliguna: "Papa, unisamehe, nakukalia tena." Ningekuwa mjinga ningeyasema hayo shuleni, lakini sikuwa mjinga.

Mama alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Alikuwa mmoja wa wachezaji, tena hodari, ndivyo walivyosema. Picha yake tuliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa moja tu, ile ya kwenye kadi. Usishangae. Nani katika kambi yetu angemlipa mpiga picha kwa ajili ya kujitazama? Mpiga picha alikuja kwa sababu ya kadi za chama, akawaketisha watu mbele ya shuka nyeupe mmoja mmoja, akaenda zake. Jioni nyingine baba aliifungua kadi ile nikaitazama, kisha akairudisha ndani ya Biblia, tukala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo.

Katibu wa chama wa mtaa wetu alikaa nyumba iliyopakana na yetu. Alikuwa karani wa stoo kwenye kampuni. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi mgodini, na yeye mwenyewe alizaliwa hapo hapo Panda kama baba yangu. Ukitaka kuruhusiwa usije kucheza, kwa ugonjwa au msiba, ulitakiwa upeleke barua, na barua isiyobandikwa nakala ya picha ya kadi, aliyoachiwa Katibu na mpiga picha, haikupokelewa. Kwa hiyo wanawake wasiojua kuandika walikaa kwenye barza yake wakasema, naye akaandika. Sifa yake moja kubwa ni kwamba aliandika walivyosema wao, hakuyageuza maneno yao kuwa Kifaransa cha ofisini.

Halafu siku moja redio ikatangaza kwamba vyama sasa vinaweza kuwa vingi. Loo! Wanaume waliokatazwa na chama kuvaa tai miaka yote ile, eti ni vazi la Wazungu, walizitoa sijui wapi. Baba aliazima moja, na kwa kuwa hakujua kuifunga, aliifunga kama kamba ya mbuzi. Katika kila ua wa mtaa wetu watu walichoma kadi zao. Baba alitoa ya kwake, ya nkambo na ya mama, akazitupa zote kwenye mbabula yetu ya makaa huku akiimba. Nkambo, asiyependa moto upotee bure, akatia sufuria juu yake akakaanga vitumbua. Nilikula vitumbua vile nikapiga makofi, na vilikuwa vitamu sana.

Kesho yake asubuhi nkambo alikuwa akizoa majivu, akasimama ghafla.

"Na sura ya mama ya huyu mutoto?"

Baba aliingiza mkono kwenye majivu na tai yake shingoni. Hakupata kitu. Alikaa pale chini, na nilimsikia akitaja jina la mama polepole kama anayemwomba arudi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu mwanamke mmoja alianza kulia, yeye alikuwa amechoma picha ya mwanawe marehemu. Kabla ya saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa unajua tumefanya nini. Majuto ni mjukuu, alisema nkambo, na mjukuu mwenyewe nilikuwa nimekaa mbele yake, sina mama mara ya pili.

Rafiki yangu, sura ya mtu hutoka kichwani haraka. Kwanza nilipoteza pua, kisha macho. Nilibaki na nywele zake zilizosukwa, na hata hizo nilianza kuzichanganya na za mwanamke aliyetuuzia munkoyo, togwa yetu. Nilimuuliza nkambo, "Alikuwa namna gani?" Naye alijibu, "Alifanana na weye." Ningefanya nini na jibu hilo?

Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa. Mishahara ilikoma, unga wa kampuni ukakoma, na king'ora cha kiwanda kilichotuamsha kila asubuhi kikawa kinalia siku kinapotaka. Mtu mwenye njaa hutafutiwa adui haraka. Vijana wa chama kimoja kipya walipita wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Kwao Katibu kulikuwa upande wa pili wa ukuta wetu, tulisikiana tukikohoa. Baba hakuimba, lakini hakusema neno pia. Familia kwa familia zilikwenda kulala stesheni na mizigo yao, kungoja treni isiyojulikana itakuja lini.

Zamu ya jirani yetu ilipofika, alimtanguliza mke wake na watoto. Mwenyewe alibaki nyuma na bahasha moja kubwa, akaanza kupita nyumba kwa nyumba mchana kweupe. Ndani yake mlikuwa na barua zote za mtaa, ambazo sote tulidhani zilikwenda zamani ofisi kuu ya chama, na picha zilizobandikwa juu yazo. Alibisha hata kwenye nyumba ambayo kijana wake alikuwa akiongoza zile nyimbo. Kijana huyo alipokea picha ya baba yake marehemu, akaitazama, akarudi nayo ndani.

Kwetu alimkuta nkambo akitwanga sombe. Alimpa barua ya mama, na nkambo akataka kuibandua picha.

"Hapana, Mama," alisema. "Ile gundi iko nguvu. Ukivuta, sura yake itapasuka. Chunga yote na barua yake."

"Inasema nini? Miye sijui kusoma."

Akaisoma kwa sauti, amesimama pale uani, na huku anasoma mimi nilikuwa nimeikodolea macho ile picha mkononi mwake. "Chama kinisamehe. Nimezaa mutoto mwanamuke. Nikimuweka chini analia, nikimuchezesha ananyamaza. Sikatale kucheza, lakini sasa niko nacheza na huyu. Akijua kusimama tutakuja wote wawili."

Nkambo aliuacha mchi ukaanguka. "Njo yee!" alipiga kelele kwamba ndiye yeye, akicheka na machozi yakimtoka. "Njo yee kabisa, maneno yake yote!"

Baba alitoka ndani. Akamuuliza jirani yake, "Ndugu, sanduku yako iko wapi?" Akalifunga juu ya baiskeli yake, wakatoka pamoja, baba akisukuma. Vijana walikuwa wamesimama njiani. Nilidhani watampiga baba yangu. Yule aliyepewa picha alisogea pembeni, na wengine wakasogea pia. Baba alishinda stesheni siku ile na kesho yake, hadi treni ilipokuja.

Hatukupata habari zao tena. Nimeuliza Mbuji-Mayi, nimewauliza wote niliosikia walipanda treni zile, na wapo waliosema wengi walifia njiani. Leo kambi imejaa watu wengine, king'ora hakipo, na nkambo na baba tumewazika. Chama kile nacho kilikufa na uongo wake mwingi, sikililii. Lakini namshukuru Mungu kila siku kwa mtu mmoja aliyefukuzwa kwake, akiwa na mikono miwili tu ya kubebea, akaacha vyombo vyake ili kwanza aturudishie wafu wetu. Binti yangu akiniuliza bibi yake alikuwa namna gani, namwambia njoo uone, na namsomea.