Karatasi ya Kung'aa kwenye Ghala la Ma Koku

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wetu pale Kayanga hakunipa nyundo. Alinipandisha kwenye kenchi, mbao zinazobeba paa, akaniamuru nikae chini ya bati tupu, jua la saa saba, mpaka aniite. Nilishuka nimelowa jasho chapachapa. Akasema sasa nimemjua adui. Mzee yule alikuwa mkali, lakini alifundisha, si kama ninyi mnaojifunza ufundi kwenye simu.

Baadaye nikapelekwa Mabira kuezeka zahanati, chini ya Msimamizi wa Majengo, Mhaya wa Muleba. Huyo ndiye aliyetuletea karatasi ya kung'aa, ile ya alumini inayotandazwa chini ya bati ili irudishe joto lilikotoka. Ni nyepesi, haichukui siku nyingi kuifunga, na mchana chumba kinakalika. Sitayakana hayo. Ila inataka nafasi ya hewa: unapigilia papi, fito nyembamba za mbao, ili isigusane na bati, maana ikigusa haina kazi. Vumbi na moshi wa jikoni vikiipaka, nayo imekufa. Halafu haipitishi mvuke, kwa hiyo usipoacha matundu, nyumba inatoka jasho kwa ndani. Msimamizi alitukumbusha hayo kila asubuhi hadi tukamchoka.

Nilihamia Songambele nikiwa fundi kamili, kwa Mkandarasi ambaye hata jina lake sitaki kulitia mdomoni. Huko mjane mmoja, Ma Koku, alitaka ghala la kahawa lenye karatasi ile. Binti yake alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na kahawa ya msimu ule ndiyo ingempeleka. Nilipoanza kupigilia papi za kuacha nafasi, Mkandarasi akanisimamisha.

"Acha mbwembwe. Ibananishe na bati, ziba matundu popo wasiingie, kesho tuna kazi kwingine."

Nikamweleza kwamba kahawa ya huku inaingia ghalani na maganda yake, mara nyingi haijakauka sawasawa, kwa sababu watu wanaikimbiza mvua. Akaniuliza mkandarasi ni nani kati yetu. Nikabananisha. Ningeweza kusema nilikuwa na watoto wa kulisha, lakini ulikuwa uoga tu.

Kwa desturi yetu paa likiisha mwenye nyumba humiminia fundi rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ma Koku alinimiminia kwa mikono miwili, nikanywa.

Baridi ya Karagwe na Kyerwa mnaijua. Bati likapoa, mvuke wa kahawa ukapanda, ukageuka maji, ukadondokea magunia wiki baada ya wiki. Alipoyafungua, kahawa yote ilikuwa imeota ukungu, na mnunuzi akaikataa. Mkandarasi alishahama. Nikaenda mimi.

"Siku ile unakunywa rubisi yangu," akaniuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Ma."

Akaniambia niende.

Sasa nimestaafu, magoti hayapandi tena ngazi. Mnakuja kuniuliza kama karatasi ile inafaa. Inafaa, kama fundi ana ujasiri wa kumkatalia bosi wake, na mimi sikuwa nao. Binti yule hakwenda chuo. Analima migomba hapo hapo Songambele, na tukikutana njiani anatua mkungu wake, anapiga goti na kuniamkia shikamoo kwa heshima zote. Mama yake hakuwahi kumwambia. Nami naitikia marahaba.